KUANGALIA MUJI KWA TUNDU YA MUSUMARI
(Somo juu ya foto)



Katika buletini hii hamutaona foto hata moja. Si juu ya uvivu wetu. Stensili inakubali herufi na mistari tu. Ukiitia foto, mashine inatoa doa nyeusi sawa makala, na wino yote inaishia pale. Basi tulifikiri hivi: kama hatuwezi kuwaonyesha foto, tuwaeleze namna foto inavyozaliwa, na namna tunavyojaribu kuuangalia muji wetu wa Goma, na tena makosa tuliyofanya. Sisi si mafundi. Tuko kikundi kidogo cha wanafunzi pamoja na mwalimu mumoja wa fizika. Aparei yetu ya kweli ni moja tu, ya zamani, ya filme. Zingine ni telefone za kuazima, na mwenye kuazimisha anasimama pembeni akihesabu dakika.

Tuanze nyumbani.

Wengi kati yetu tunakaa katika nyumba za mbao. Sababu tunaijua: juu ya mawe ya volkano kuchimba musingi ni kazi ya jasho, lakini nyumba ya mbao fundi anaisimamisha kwa siku chache, na ukihama unaweza kuifungua na kuibeba. Mbao hizo ziko na matundu ya misumari ya zamani. Sasa, siku moja uko mugonjwa, umelala, mulango umefungwa, dirisha imefungwa, na inje jua inawaka sana barabarani. Angalia ukuta ulio mbele ya lile tundu. Kitu kinapita. Ni mama na bidoni ya manjano mugongoni, mukaba kwenye paji la uso. Lakini anatembea kichwa chini, miguu juu! Tena kama inje anakwenda kuume, ukutani anakwenda kushoto. Watoto wadogo wakiona hivi wanalia, wanasema ni mizimu. Si mizimu, ni nuru.

Sababu ni hii. Nuru inakwenda kwa mustari ulionyooka, haijui kupiga kona. Ile inayotoka kwenye kichwa cha mama, juu, inapita katika tundu na kushuka mpaka chini ya ukuta wa pili. Ile inayotoka kwenye miguu yake inapanda juu. Ndiyo maana amepinduka. Tundu likiwa kubwa, nuru nyingi zinaingia na kukanyagana, picha inapotea. Ndiyo sababu kwenye dirisha wazi hatuoni kitu ukutani. Tundu likiwa dogo, picha inakuwa safi, lakini yenye giza.

Wale wa masomo ya hesabu, chukueni kaye. Mama yuko na urefu wa sentimetre 160. Anapita metre 8 mbele ya tundu. Kutoka tundu mpaka ukuta wa pili ni metre 3. Picha yake ukutani itakuwa na urefu gani? Pembetatu mbili zinazofanana: 160 mara 3, gawanya kwa 8. Jibu ni sentimetre 60. Tulipima kwa rula katika nyumba ya mwenzetu mumoja huko Ndosho, tukapata karibu hivyo. Hatukupata sawasawa, kwa maana mama hakutaka kusimama tupime.

Jambo hili si la jana. Mutu wa elimu aliyezaliwa Basra, jina lake Ibn al-Haytham, alilichunguza kule Misri miaka karibu elfu moja iliyopita. Kile ambacho hakuweza ni kuikamata ile picha isiondoke. Kuikamata kulikuja baadaye sana: ni katika mwaka wa 1839 ndipo Ufaransa ilitangaza kazi ya Daguerre, aliyeshika picha juu ya sahani ya shaba iliyopakwa feza.

Mukitaka kujaribu, tafuteni mukebe wa maziwa ya unga, ule wa urefu wa sentimetre 15 hivi. Toboeni katikati ya kitako kwa musumari mudogo kabisa. Kwenye mudomo fungeni karatasi iliyopakwa mafuta kidogo ya kula, ikazwe sawa ngoma. Jifunikeni kichwa na kitenge pamoja na ule upande wa karatasi, na kitako kielekee barabara yenye jua. Mutu akisimama metre 4 mbele yenu, mutamuona juu ya karatasi akiwa na sentimetre 6, kichwa chini. Hiyo ndiyo aparei. Ile ya bei kali dukani imeongeza vitu vitatu tu: kioo cha kukusanya nuru, kimulango cha kufungua na kufunga kwa haraka, na mahali pa kushika picha. Zamani mahali hapo palikuwa filme, leo katika telefone ni kipande kidogo cha silikoni kuliko ukucha.

Sasa tuzungumuze juu ya nuru ya kwetu, maana vitabu vingi vya foto viliandikwa na watu wa Ulaya, na jua yao si hii.

Goma haifike digrii 2 kusini ya ikweta. Jua yetu inaamka karibu saa kumi na mbili, mwaka muzima, na inapanda sawa mutu anayepanda ngazi akikimbia. Nuru nzuri, ile inayokuja kwa upande na kupakaa uso sawa mafuta, inadumu mpaka saa mbili hivi, kisha inakwisha. Inarudi nyuma ya saa kumi. Katikati, jua iko juu ya utosi, hasa mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, ambapo kivuli cha mutu kinajificha chini ya viatu vyake. Saa sita ya muchana macho yanakuwa mashimo mawili, na pua inatupa kivuli mudomoni. Lakini ni saa hiyo arusi zote za siku ya posho zinashuka pembeni ya ziwa kupiga foto! Bibi-arusi muzuri anaonekana kama mutu aliyeamka malaria. Dawa yake ni kumupeleka chini ya muti, au kungojea. Arusi haingojei, tunajua, lakini muti uko.

Wakati wa jua kali, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi na moshi vinafunika kila kitu na Nyiragongo, mulima wa metre 3,470, inapotea kabisa kama haikuumbwa. Mukitaka kuipiga, ngojeni asubui nyuma ya mvua ya usiku.

Kuna tena shida ya mawe yetu. Ndani ya aparei iko kipimo cha nuru. Kipimo hicho ni mujinga, tusamehewe neno hili: kinazani dunia yote iko na rangi ya majivu. Ukikionyesha ukuta wa mawe meusi ya volkano, kinasema, "Hapa kuna giza," na kinafungua nuru nyingi. Matokeo, mawe yanakuwa majivu, mbingu inakuwa karatasi nyeupe, na shati ya mutoto aliyesimama pale inapoteza vifungo. Ukimupiga mutu aliye na ziwa nyuma yake, kinasema, "Nuru imezidi," kinafunga, na uso wa mutu unakuwa kama nyuma ya sufuria. Katika telefone, wekeni kidole juu ya uso wa mutu kwenye kioo, kisha mupandishe au mushushe nuru. Katika aparei ya filme, karibieni, mupime kiganja chenu kikiwa katika nuru ileile ya uso wake, kisha murudi mahali penu.

Na si mawe tu. Kwa miaka mingi viwanda vya filme za rangi vilikuwa vinasawazisha rangi kwa kutazama foto ya mwanamuke mweupe. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi filme ni nzuri. Wakubwa wetu waliotoka katika foto za zamani meno na macho tu, hawakuwa weusi hivyo. Ni filme haikuwafikiria.

Tuende kwa jambo la pili, yaani muda.

Katika mwaka wa 1838 Daguerre alielekeza aparei yake, toka dirisha la juu, kwenye barabara kubwa ya Paris. Barabara ilijaa magari ya farasi na watu. Lakini sahani yake ilihitaji dakika nyingi kukamata nuru, na yeyote aliyetembea hakuandikwa. Ukiangalia foto ile, barabara ni tupu kama siku ya amri ya kutotoka. Mutu mumoja tu anaonekana vizuri, pembeni, mguu wake juu ya kitu: ni mutu aliyesimama apigwe viatu brosi. Na mupiga brosi anaonekana kidogo kwa kuinama kwake. Hivyo watu wa kwanza kuandikwa katika foto ya barabara walikuwa mupiga brosi na mushitiri wake. Tulipowaeleza vijana wanaopiga brosi karibu ya poste jambo hili, mumoja alicheka, akasema, "Kumbe kazi yetu iko ya zamani kupita ya president."

Leo kimulango cha aparei kinafunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ni sisi tunaochagua. Mufano wetu ni chukudu. Muchukuzi anashuka kutoka upande wa Kibumba, goti moja juu ya ubao, viazi, makabichi ao makala nyuma na mbele, mwendo wa kilometre 18 kwa saa. Hiyo ni metre 5 kwa kila sekunde. Ukimupiga kwa sehemu ya 30 ya sekunde, wakati mulango uko wazi yeye amekwenda sentimetre 17: anakuwa ukungu. Ukimupiga kwa sehemu ya 500, amekwenda sentimetre 1 tu: anasimama kama yule wa zahabu kwenye rond-point. Lakini kati yetu kulitokea ubishi. Wengine walisema foto iliyosimama inadanganya, maana chukudu iliyosimama ni ubao tu. Uzuri wake ni kushuka. Mwalimu akatufundisha njia ya tatu: chukua muda murefu kidogo, sehemu ya 30, lakini zungusha mwili wako ukimufuata muchukuzi na aparei, bila kutikisika, na bonyeza ukiendelea kuzunguka. Yeye anatoka safi, na nyumba za nyuma zinakuwa mistari. Tuliharibu filme karibu yote. Foto moja ilitoka.

Tumefika kwenye kosa letu. Tunaliandika kwa maana ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Siku ya posho moja tulikwenda watatu katika soko. Tulikuwa tumejifunza nuru, tumejifunza muda, tukajiona mafundi. Pale tulimuona mama mumoja anauza makala kwa vifungu. Nuru ya saa moja ya asubui ilikuwa inamupiga kwa upande, vumbi nyeusi ilikuwa kwenye mikono na kwenye shavu, na macho yake yalitoka kama taa mbili. Tulisimama nyuma ya magunia ya mwenzake, tukapiga mara ine. Mara ya tano aliinua kichwa.

"Batoto, muko nanipiga foto juu ya nini?"

Tukanyamaza. Kisha mumoja wetu akasema, "Mama, ni kwa masomo."

"Masomo gani ile ya kuangalia buchafu yangu? Mulisha kuniuliza? Mutaenda kuonyesha batu kama mama wa Goma iko hivi, na mimi kwangu niko na kitenge!"

Mama wengine wakaanza kukusanyika, na sauti zikapanda. Tulisema, "Tusamehe, mama." Tulizani atadai feza, na kweli ni hivyo watu wengi wanafanya, na hatuwalaumu, maana wameona wageni wengi wakija na aparei kubwa, wakapiga, wakaondoka, na hakuna aliyerudi. Lakini yeye hakudai feza. Alifunga kifungu cha mushitiri wake, akachukua makuta yake, kisha akatuuliza kama ile foto tunaweza kuitoa kwenye karatasi. Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi hiyo mutupe. Mukuye kunipiga na batoto bangu, tukiwa tumevaa. Mwili muzima, na miguu ionekane."

Hapo tulikasirika kidogo, tukubali kweli. Kwetu foto nzuri ilikuwa ile ya makala. Foto ya kusimama wima, mikono kwenye magoti, miguu yote ndani, tuliihesabu kuwa ni mambo ya kizamani, ya studio. Mwalimu alitusikiliza, kisha akatuambia habari ya Baringa. Tunaiandika hapa kwa kuwa inahusu nchi yetu na inahusu kanisa za Protestanti.

Katika mwaka wa 1898 alifika Kongo mumisionere mumoja wa Uingereza, Alice Seeley Harris, pamoja na bwana wake. Walikuwa wa Congo Balolo Mission, na baadaye walikaa Baringa, upande wa Equateur. Hakuwa mupiga foto wa kazi. Alikuwa mwalimu mwenye aparei. Wakati ule nchi ilikuwa mali ya mufalme Leopold II, na kampuni ya mpira iliyoitwa Abir ilikuwa na askari wake wa kulinda kazi. Kijiji kisicholeta mpira wa kutosha kiliazibiwa. Mwezi wa tano mwaka wa 1904, mutu mumoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala, alifika kwenye misioni na furushi ya majani. Ndani yake kulikuwa mukono na muguu wa binti yake mudogo, Boali. Askari walinzi walikuwa wamemuua. Alice Harris alimukalisha Nsala kwenye baraza, vile viungo vikawekwa mbele yake, akapiga foto.

Foto hiyo na zingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika makanisa na vyumba vya mikutano, kwa taa ya kutupa picha kwenye kitambaa cheupe. Magazeti ya Leopold yaliweza kukanusha barua za wamisionere, lakini foto ilikuwa ngumu kukanusha. Hatusemi foto peke yake ilifanya kazi. Kulikuwa na ripoti ya konsul Roger Casement mwaka ule wa 1904, na Wakongomani wenyewe walishuhudia mbele ya tume ya uchunguzi. Mwaka wa 1908 Leopold aliachilia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Tulibishana juu ya foto hiyo muda wa masomo mawili, mpaka kengele. Mumoja alisema: "Munaona, lazima kupiga foto ya mateso, hata kama haipendezi." Ni kweli. Mulawi katika mufano wa Musamaria aliona, akapita ngambo. Kama angekuwa na telefone labda angepiga na kupita vilevile. Lakini binti mumoja wa kikundi chetu aliuliza swali lililotunyamazisha: "Nsala tunamujua jina, na Boali tunamujua jina, miaka zaidi ya 120 nyuma. Ule mama wa makala anaitwa nani?" Hakuna kati yetu watatu aliyejua. Tulipiga mara ine, na hatukumuuliza hata jina.

Kwa hiyo tulirudi siku ya posho iliyofuata, bila aparei, kumusalimia.

Alitueleza sababu ya kutaka foto ya kusimama. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya ine, alikuwa angali binti mudogo. Volkano ilipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka katikati ya muji, ikapita hata ziwani; ilikula kanisa kuu la Wakatoliki na ncha ya uwanja wa ndege. Nyumba yao ilikwenda, na albamu ikiwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mama yake alikuwa amekufa mbele ya hapo. "Sura ya mama yangu iko mu kichwa yangu tu," akasema, "na kichwa inazeeka."

Tulipofika darasani na kuuliza, tuligundua kwamba jambo hili ni la nyumba nyingi. Mwenzetu mumoja, foto pekee ya babu yake ni ile ndogo ya karte ya uchaguzi, ile karte tunayoitumia kama kitambulisho kwa kukosa kingine. Mwingine alitueleza tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho magaribi, volkano ilipotoka tena na watu wakakimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mupaka. Kesho yake UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Kuwatafuta watoto, watu walizungusha foto katika telefone. Si mara ya kwanza: nyuma ya 1994, katika kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma, watoto waliopoteza wazazi walipigwa foto mumoja mumoja, na foto zikabandikwa ili mama atembee mbele yake akitafuta uso. Foto hizo hazikuwa na uzuri wowote. Mutoto, ukuta, namba. Uso mbele, nuru ya kutosha.

Na kuna foto zilizopotea bila moto. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia katika muji, wengi wetu tulifuta foto katika telefone usiku, kwa woga wa mutu atakayeikamata na kuangalia. Tulifuta zote, bila kuchagua, kwa kidole gumba: za hatari na za ubatizo, za kaka na za mbuzi. Hakuna aliyetuamuru. Miezi imepita na bado kuna saa tunafungua telefone kutafuta foto fulani, tunakumbuka kwamba haiko. Kwa wale walio na foto wanazozipenda, neno letu ni fupi: toeni kwenye karatasi, hata moja, na muwape jamaa wa muji mwingine ya pili.

Hapa tuandike pia mambo ambayo wadogo wetu wanapaswa kujua mbele ya kuazima telefone. Musielekeze aparei kwa mutu mwenye silaha, wala kambi, wala mupaka, wala uwanja wa ndege, hata kama jua inaanguka vizuri sana nyuma yake. Musipige mutu aliyelala barabarani. Ajali ikitokea, kwanza mikono, na aparei ibakie mufukoni. Katika hospitali, hapana. Kwenye ziwa asubui, wavuvi wa sambaza wakirudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma, wasalimuni kwanza. Karibu siku zote wanakubali, na wakikubali wanaanza kuimba kwa nguvu zaidi, na hapo kazi ni yenu.

Wako wakubwa wa kuangaliwa. Jean Depara alianza mwaka wa 1950 na aparei ndogo aliyoinunua kwa foto za arusi yake mwenyewe, akaandika usiku wa Kinshasa wote, dansi na vijana wa mitindo. Hapa kwetu Goma, Moses Sawasawa, Arlette Bashizi na Guerchom Ndebo wamefanya foto zilizokwenda katika magazeti ya dunia. Ukiangalia foto zao kwa muda, utaona mara nyingi mutu anaangalia aparei bila woga. Mutu hafanyi hivyo kwa mwenye kujificha nyuma ya magunia.

Tunamaliza na ile foto. Kwa kuwa stensili haiwezi, tunaieleza.

Mama amesimama katikati. Amevaa kitenge cha kwaya, cha buluu, na kilemba. Mikono imenawa mpaka viwiko, na kwenye kucha bado kuna mustari mweusi kidogo, ambao yeye hakuuona na sisi hatukumuambia. Watoto watatu wako mbele, mukubwa na shati ya masomo. Miguu yote minane inaonekana, tulihesabu mbele ya kubonyeza. Nyuma yao alitundika shuka nyeupe kuficha mbao za nyumba. Upepo wa ziwa umeinua pembe ya kuume, na pale kunaonekana gunia moja la makala. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, nuru ya upande, kipimo kwenye kiganja. Tulichanga franka, tukaitoa mbili, moja yake, moja ya kikundi.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaangalia kwa muda murefu. Hakusema neno juu ya nuru. Akaweka kidole juu ya mutoto wa katikati.

"Huyu amefunga macho," akasema. "Mutarudilia."

Tumebakiwa na foto saba kwenye filme. Tunarudi siku ya posho.